Namna ya Kuisoma, Kuitamka na Kuiandika Kana ya ん

Katika kana (herufi za silabi za Kijapani) 46 za msingi za hiragana, 45 huwa na irabu: か ni ka, し ni shi, の ni no, na あ yenyewe ni irabu tupu. Moja tu haina irabu hata kidogo, nayo ni ん, ambayo katika katakana, seti ya pili ya kana, huandikwa ン na katika herufi za Kirumi huandikwa n. Huwekwa mwisho kabisa wa jedwali, nje ya safu za irabu tano, na pengine ndiyo sababu wanafunzi wengi huifikia wakiwa wameshachoka, wakaipitia kwa dakika chache kama n ya kawaida, kisha wakaendelea na kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina. Haraka hiyo huwagharimu baadaye, kwa kuwa ん imo katika maneno ya kila siku, kuanzia salamu ya こんにちは hadi にほん, jina la nchi yenyewe, na matamshi yake hubadilika kufuatana na sauti inayofuata.

Mwongozo huu unamlenga msemaji wa Kiswahili aliyekwisha kuzifahamu kana nyingine na anayetaka kuitengeneza hii moja vizuri. Nauandika nikiamini kwamba msemaji huyo ana akiba kubwa kuliko anavyodhani. Sauti zote ambazo ん hugeuka kuwa, au karibu zote, zimo tayari katika Kiswahili, na hata sheria ya kuzigeuza tunaitumia kila siku bila kufundishwa. Tunachokosa ni muda: tunaitamka ん kwa haraka mno, tukaibana ndani ya silabi ya jirani yake, na Mjapani anayesikiliza anabaki kutafuta pigo lililopotea.

Ipe ん pigo lake

Kijapani hupimwa kwa mapigo mafupi yanayokaribiana urefu, na ん huhesabiwa pigo kamili sawa na ka au no. Neno しんぶん, yaani gazeti, lina mapigo manne: shi, n, bu, n. Salamu ya こんにちは ina matano: ko, n, ni, chi, wa. Katika haiku, shairi fupi la Kijapani ambalo mishororo yake hupangwa kwa hesabu ya 5, 7 na 5, ん huingizwa katika hesabu hiyo bila kupunguziwa chochote, na katika nyimbo mara nyingi hupewa noti yake yenyewe.

Sisi tunafanya kinyume katikati ya maneno. Tunapotamka Mombasa tunasema mo-mba-sa, silabi tatu, kwa sababu mb kwetu ni mwanzo wa silabi inayofuata. Mjapani huiandika モンバサ na kuisema kwa mapigo manne: mo-n-ba-sa. Tanzania yetu ni ta-nza-ni-a, silabi nne, ilhali タンザニア ni mapigo matano. Kongo yetu ni silabi mbili, na コンゴ ni mapigo matatu. Tofauti kubwa zaidi ninayoijua iko katika Ngorongoro, ambayo kwetu ni silabi nne, lakini ンゴロンゴロ huhesabiwa mapigo sita, kwa kuwa ン zote mbili, ya mwanzo na ya katikati, hujitegemea.

Hata hivyo, nazali (sauti ya puani) inayojitegemea si jambo geni kwetu. Chukua neno mbuni. Likiwa na maana ya yule ndege mkubwa asiyeruka, husemwa mbu-ni, silabi mbili. Likiwa na maana ya mti wa kahawa, husemwa m-bu-ni, silabi tatu, na kila msemaji mzoefu husikia kwamba ile m ya kwanza imekaa peke yake kwa kitambo. Vivyo hivyo m ya mtu na n ya nchi ni silabi kamili zisizo na irabu. ん ni nazali ya namna hiyo hiyo. Kazi yako ni kuihamisha kutoka mwanzoni mwa neno, ambako Kiswahili huipendelea, na kuiweka katikati au mwishoni, bila kuipunguzia urefu.

Zoezi la kufaa ni hili. Gonga meza kwa kidole kwa mwendo usiobadilika, na kwa kila mara unayogonga utamke kana moja: mo, m, ba, sa. Ukiona kidole kimegonga na mdomo wako hauna la kusema, au mdomo umetangulia kidole, ujue umeibana ん. Rudia kwa まんが (ma, n, ga), りんご, yaani tufaha (ri, n, go), na みんな, yaani watu wote (mi, n, na). Katika みんな na おんな, yaani mwanamke, n ya kwanza ni ん na ya pili ni mwanzo wa な. Kwa hiyo ulimi hukaa juu kwenye ufizi kwa muda wa pigo zima kabla ya kuachia. Ukiachia mapema, こんな, lenye maana ya "wa namna hii", litasikika kama こな, yaani unga. Jihadhari pia usiibebeshe silabi ya pili kutoka mwisho mkazo wa Kiswahili, maana mkazo huo hurefusha silabi moja na kuzifupisha nyingine, na mara nyingi inayofupishwa huwa ん.

Acha sauti inayofuata iamue

Pigo likishapatikana, mahali pa kuitamkia ん pataamuliwa na konsonanti inayofuata, na hapa sarufi yetu inatusaidia moja kwa moja. Katika ngeli ya I-ZI, kivumishi -zuri huwa nzuri, -baya huwa mbaya, na -geni huwa ngeni. Kiambishi ni kile kile, lakini mbele ya z hubaki n, mbele ya b hugeuka m, na mbele ya g hurudi nyuma kinywani na kuwa ile sauti ya ng'ombe ikifuatwa na g. ん hufuata mwendo huo huo.

Mbele ya sauti za p, b na m, funga midomo na useme m: さんぽ (matembezi) husikika sampo, しんぶん husikika shimbun, えんぴつ (penseli) husikika empitsu. Mbele ya t, d, n, z, j, ch, ts na r, peleka ulimi kwenye ufizi au karibu nao na useme n, kama katika せんたく (kufua nguo), かんじ (kanji) na べんり (yenye kufaa). Mbele ya k na g, tumia ng' ya ng'ombe: げんき (hali njema) ni ge-ng'-ki, na ぎんこう (benki) ni gi-ng'-ko-o. Majina matatu niliyoyataja juu yanatosha kuwa kielelezo cha kukumbuka: モンバサ kwa m, タンザニア kwa n, コンゴ kwa ng'. Huhitaji kukariri orodha yoyote. Ukimwachia ulimi uhuru wake wa Kiswahili, utafika mahali sahihi wenyewe, mradi tu usisahau pigo.

Mbele ya irabu na y, usiunganishe

Sehemu hii ndiyo ngumu, na ndiyo inayostahili kufanyiwa kazi kuliko nyingine zote, kwa sababu hapa akiba yetu ya Kiswahili inakwisha na mazoea yetu yanaanza kutupotosha.

ん ikifuatwa na irabu, haiungani nayo. Neno きんえん, yaani marufuku kuvuta sigara, ambalo utalikuta likiwa limeandikwa 禁煙 katika stesheni na mikahawa, lina mapigo manne: ki, n, e, n. Msomaji wetu akiliona katika herufi za Kirumi bila alama yoyote, kinen, atasema ki-ne-n, na atakuwa amesema きねん, neno lingine kabisa lenye maana ya ukumbusho. Kadhalika たんい ni kipimo au kiasi cha masomo kinachohesabiwa chuoni, ilhali たに ni bonde. Na かんい ni jambo rahisi lisilo na urasimu, ilhali かに ni kaa wa baharini.

Siri ya kuzitenganisha ni kwamba katika nafasi hii ulimi haugusi popote. ん hapa haiwi konsonanti kamili. Huwa ni kitambo cha irabu kinachopitishwa puani. Anza na せんえん, yaani yeni 1,000, ambalo ni neno utakalolisikia kwa wauzaji wengi. Sema e ndefu. Ukiwa bado unaisema, ruhusu hewa ipite puani pia, lakini ulimi uache umelala chini pale pale ulipokuwa kwa ajili ya e. Kisha acha kupitisha hewa puani na urudi kwenye e ya mdomoni, na umalizie kwa ん ya mwisho: se, e ya puani, e, n. Ili kuhakiki, bana pua kwa vidole wakati wa lile pigo la pili. Sauti ikibadilika au ikizuiwa, hewa ilikuwa inapita puani kama inavyotakiwa. Ukihisi ncha ya ulimi imegonga ufizi, umerudi kwenye ne ya Kiswahili, na msikilizaji amesikia senen, ambalo si neno.

Maneno mengine ya kufanyia zoezi hili ni げんいん (sababu), れんあい (mapenzi ya wachumba), ぜんいん (watu wote waliopo) na てんいん (mhudumu wa dukani). Usisahau kwamba kiambishi を, kinachosomwa o na kuwekwa baada ya yambwa, kinaleta hali hiyo hiyo hata neno lenyewe likiwa rahisi: ほんを よむ, yaani kusoma kitabu, ni ho-n-o yo-mu, na kamwe si ho-no.

Mbele ya y kuna mtego unaotuhusu sisi hasa. Kwa Kiswahili ny ni sauti moja, kama katika nyama na nyumba, kwa hiyo jicho letu likiona honya linaisoma ho-nya bila kusita. Neno ほんや, duka la vitabu, ni ho-n-ya, na ya hapo ni ya ya yai, si nya ya nyama. Kana zenyewe haziachi shaka yoyote, kwa kuwa nya huandikwa にゃ, lakini anayetegemea herufi za Kirumi atapotea. Jozi inayoonyesha jambo hili kwa uwazi ni こんやく na こんにゃく. La kwanza, ko-n-ya-ku, ni uchumba uliokubaliwa rasmi. La pili, ko-n-nya-ku, ni chakula kinachotetemeka kinachotengenezwa kutokana na kiazi cha mmea wa konnyaku. Yote mawili yana mapigo manne, hivyo kuhesabu peke yake hakutoshi. Lazima sikio lisikie ya katika moja na nya katika jingine.

Mbele ya w, s, sh na h, mwendo ni huo wa puani pia, kama katika でんわ (simu) na せんせい (mwalimu). Hapa si lazima kujisumbua sana. Ukisema せんせい kwa n ya kawaida utaeleweka bila tatizo, na matamshi yatalainika yenyewe kadiri unavyosikiliza zaidi.

Mwishoni mwa neno, usiongeze irabu

Kiswahili hupenda neno liishie kwa irabu, na maneno ya kigeni tumeyapa irabu hiyo kwa ukarimu: stesheni, sabuni, na hata Japani yenyewe. Mazoea haya humfuata mwanafunzi, akasema honi badala ya ほん na pani badala ya パン, yaani mkate. Irabu hiyo ndogo, hata ikiwa hafifu, huzaa kana mpya ya に ambayo haikuwemo.

ん ya mwisho, isipofuatwa na neno jingine, hutamkwa nyuma kabisa, sehemu ya nyuma ya ulimi ikiinukia kidakatonge, na midomo hubaki wazi. Kama huwezi kuipata kwa maelezo, sema ng' ya ng'ombe bila kumalizia na ombe, irefushe kwa pigo moja, kisha ukate sauti huku ulimi ukiwa bado nyuma. Irabu ya nyongeza huzaliwa pale ulimi unapoachia wakati koo bado lina sauti. Ukikata sauti kwanza, haitakuja. Neno jingine likifuata bila kituo, ん husahau mwisho na kufuata sheria za juu: ほんも, yaani kitabu pia, husikika hommo.

Kuiandika kwa mkono

Hiragana ん huandikwa kwa mstari mmoja usiokatika. Anza juu, teremka kwa mshazari kuelekea kushoto mpaka chini, kisha bila kuinua kalamu rudi juu kwa njia ile ile hadi karibu na katikati, pinda kuelekea kulia kama unayeandika tumbo la h ndogo, teremka tena hadi chini, na umalizie kwa kupandisha mkia kidogo upande wa kulia. Kosa la kawaida ni kuuanza mstari wa pili mahali papya badala ya kurudia ule wa kwanza. Umbo hili limetokana na mwandiko wa haraka wa kanji 无, na lilipata nafasi yake ya pekee baadaye kuliko nyingi: shairi la kale la iroha, linalotumia kana 47, kila moja mara moja tu, halina ん ndani yake. Mwaka wa 1900 serikali ya Japani ilipoamua kwamba shule za msingi zifundishe umbo moja tu la hiragana kwa kila sauti, ん ilikuwa miongoni mwa maumbo yaliyothibitishwa.

Katakana ン ndiyo inayowatatiza watu, kwa sababu inafanana mno na ソ (so). Usiitazame kama picha. Itazame kama mwendo wa mkono. Katika ン, mstari mfupi hulala upande wa kushoto, na mstari mrefu huanzia chini kushoto ukapanda kwenda juu kulia, ukiwa mnene chini na mwembamba juu. Katika ソ, mstari mfupi husimama zaidi, na mrefu huanzia juu kulia ukashuka kwenda chini kushoto. Mwanzo wa mistari ya ン hupangika upande wa kushoto, na wa ソ hupangika juu. Jozi ya シ (shi) na ツ (tsu) hufuata mantiki hiyo hiyo. Neno zuri la kujipima ni パソコン, kompyuta ya mezani au ya mapajani, kwa kuwa lina ソ na ン pamoja. Liandike, ligeuze karatasi, kisha jiulize kama mtu mwingine angezitofautisha bila kulijua neno.

Katika herufi za Kirumi na katika kibodi

Usishangae kuona ん ikiandikwa m. Mtindo wa zamani wa Hepburn, mfumo wa kuandika Kijapani kwa herufi za Kirumi, huweka m mbele ya b, m na p, na ndiyo maana kituo cha treni cha Tokyo kinachoandikwa しんばし kina kibao cha Shimbashi. Pasipoti za Japani nazo hufuata utaratibu huo. Mbele ya irabu na y, waandishi makini huweka kitenga, kama katika jina la Jun'ichi, kuonyesha kwamba ni ju-n-i-chi. Kitenga hicho hakihusiani na kile cha ng'. Kazi yake ni kutenga tu. Pasipoti hukiacha, na wengi hukisahau, kwa hiyo penye shaka tafuta kana.

Unapochapa kwa herufi za Kirumi, charaza n hata pale unaposikia m: さんぽ ni sanpo. Konsonanti ya kawaida ikifuata, programu hugeuza n kuwa ん yenyewe. Ikifuata irabu, y, au kana ya safu ya な, na pia mwishoni mwa neno, charaza n mara mbili. Kwa hiyo きんえん ni kinnenn, na こんにちは katika programu nyingi huhitaji n tatu mfululizo, konnnichiha, mbili za ん na moja ya に. Katika kibodi ya simu yenye vitufe 12, bonyeza わ na utelezeshe kidole kwenda juu.

Kwa mazoezi ya pamoja, tumieni mchezo wa shiritori, ambao watoto wa Kijapani huucheza kuanzia umri mdogo. Mchezaji hutaja nomino, na anayefuata hutaja nomino inayoanza kwa kana iliyomalizia ile ya kwanza. Anayetaja neno linaloishia kwa ん hushindwa, kwa kuwa hakuna neno la asili la Kijapani la kuliendeleza. Wapo wanaojaribu kujiokoa kwa ンゴロンゴロ au kwa ンジャメナ, mji mkuu wa Chadi, na ni vyema mkubaliane kabla ya kuanza kama majina ya mahali yataruhusiwa. Tajeni kila neno huku mkigonga meza pigo kwa pigo, na anayebana ん ya katikati naye ahesabiwe ameshindwa: パンダ ikisemwa kwa mapigo matatu inaendelea na だ, ikisemwa pa-nda inatoka, na パン inatoka kwa vyovyote vile.